Kopo la Picha na Mashine ya Kusoma Filamu

Somo la historia kwa watu wazima, kama lilivyosomwa katika radio. Limechapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji na kwa kila asomaye peke yake.

  Mara nyingi katika masomo haya twasoma habari za watawala na vita. Leo tutasoma historia ya kitu kilichomo nyumbani mwako.

Katika nyumba nyingi za Ufipa kuna kopo la biskuti juu ya kabati, au bahasha kubwa, au begi la zamani chini ya kitanda. Ndani yake mna picha: harusi ya wazazi, kipaimara, siku ya kumaliza shule, kijana amesimama kando ya baiskeli yake mpya. Chini kabisa, aghalabu, mna vipande vyembamba vya filamu ambavyo wapiga picha huviita negativu. Ukikiinua kimoja kwenye mwanga waona mambo kinyume: shati lililokuwa jeupe ni jeusi, na nywele zilizokuwa nyeusi zimekuwa nyeupe. Watoto huvichezea vipande hivi, na siku ya kufagia hutupwa pamoja na takataka.

Siku hizi watu wengi huuliza: Ninunue skana gani ili niziingize picha hizi katika kompyuta? Swali ni zuri, lakini halijibiki mpaka kwanza ujibu lako: Ndani ya kopo mna nini? Filamu ndiyo impasayo mtu kuijua kwanza, kisha filamu yenyewe itamchagulia mashine. Na ili kuijua filamu, yatupasa kurudi nyuma kidogo.

PICHA ZILIVYOFIKA KWETU

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo cha Chama cha Kimataifa cha Afrika huko Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, nao baadaye walipanda mpaka nchi ya juu ya Ufipa. Wajerumani nao walijenga boma mwaka 1898 mahali walipopaita Bismarckburg, ndipo Kasanga ya leo. Kwa mikono ya wageni kama hawa kamera iliingia Afrika ya Mashariki, na kwa muda mrefu mgeni ndiye aliyeamua lipi lipigwe picha na lipi liachwe.

Kwa sababu hiyo picha nyingi za kale za nchi yetu ziko mbali nasi. Mapadre Weupe wana hifadhi yao ya picha Roma. Picha za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa mpiga picha katika koloni la Wajerumani, zimo katika hifadhi ya serikali ya Ujerumani. Mwezi wa Desemba 2008 hifadhi hiyo ilikubali picha zake karibu 100,000, za Dobbertin zikiwamo, zionekane bure katika intaneti. Habari za wahunzi wa Ufipa na tanuru zao ndefu za udongo, yaani malungu, ziliandikwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na tena mwaka 1958. Kisha kati ya 1962 na 1964 alikaa Ufipa mtaalamu Mwingereza, Roy Willis, naye akaandika vitabu juu ya Wafipa.

Kazi zote hizo zina faida, na mwenye kupenda historia azitafute. Walakini hapana hata moja kati yake itakayokuonyesha bibi yako kama alivyotaka yeye mwenyewe kuonekana: amevaa kanga aliyoichagua, ameketi kwenye kiti alichokitaka, na mtoto aliyempenda yu magotini pake. Picha hiyo iko mahali pamoja tu duniani, nalo ni kopo lako.

Ilifikaje humo? Kwa njia ya studio. Huko Unguja, A. C. Gomes alikuwa na studio tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe aliiendeleza. Mombasa palikuwa na studio ya N. V. Parekh. Polepole kazi hii ilienea mpaka miji ya bara. Vijana wa Ufipa walikwenda mbali kutafuta mshahara: wengine kukata mkonge Tanga, wengine kwenye dhahabu ya Lupa, wengine kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Aliyekuwa na shilingi za kutosha aliweza kuingia studio, akasimama wima, na kuwapelekea wa nyumbani picha ndani ya barua, wajue kwamba angali mzima.

FILAMU ULIYO NAYO

Sasa tazama vipande vyako. Kila ukubwa wa filamu una historia yake.

Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak, iliyotumia ukanda wa kuzungushwa badala ya vioo vizito. Mwaka 1900 kampuni yake ilitoa kamera ya Brownie kwa dola moja, na watu wa kawaida wakaanza kupiga picha wenyewe. Mwaka 1901 ikaja filamu iitwayo 120, yenye upana wa sentimita 6 hivi, nayo yatengenezwa hata leo. Wenye studio waliipenda sana. Basi ukikuta negativu ya mraba, kila upande karibu sentimita 6, huenda ilitoka kwa fundi wa studio.

Mwaka 1925 Wajerumani walianza kuuza kamera ndogo ya Leica, iliyotumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Picha moja juu yake ni milimita 24 kwa 36 tu. Hii ndiyo filamu iliyoenea mwishowe kuliko zote, na vipande vingi vyenye matundu madogo pembeni ni vya namna hii. Vikiwa vya rangi ya chungwa, ni negativu za picha za rangi. Vikiwa vya kijivu na cheusi, ni za picha nyeusi na nyeupe. Na ukikuta kipande kilichobanwa ndani ya fremu ya karatasi au plastiki, nacho chaonyesha rangi zilivyo bila kugeuzwa, hicho ni slaidi.

Kwa nini tujisumbue na negativu, hali picha za karatasi tunazo? Kwa sababu karatasi ni mwana, na negativu ndiyo mama. Fundi alipochapa picha aliweza kukata kingo, na pengine aliyesimama pembeni akaondoka na ukingo huo. Karatasi yenyewe hupauka, hupata mikunjo, huliwa na wadudu. Negativu yaweza kuwa na yote ambayo karatasi imeyapoteza, na kwa undani zaidi.

Lakini nayo haidumu milele. Filamu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asetati, na asetati ikianza kuoza hutoa harufu kali kama siki, kisha hujikunja. Joto na unyevu huharakisha kuoza huko. Baridi ya Ufipa ni rafiki wa filamu. Wakaao bondeni, karibu na Ziwa Rukwa, wana taabu zaidi. Hata huku juu, masika huleta ukungu, na moshi wa jikoni hauna huruma. Basi kama kopo lako lanuka siki, kazi hii haingoji mwaka ujao.

MASHINE ILIVYOZALIWA

Mashine ya kusoma picha ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch, aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali ya vipimo, alitia picha ya mwanawe Walden, mtoto wa miezi mitatu, katika mashine aliyoiunda pamoja na wenzake. Picha ilikuwa na sentimita 5 kila upande. Mashine iliigawa katika nukta 176 kwenda kulia na 176 kwenda chini, jumla nukta 30,976, na kompyuta ikaikumbuka. Kila skana ya leo ni mjukuu wa mashine ile: yaigawa picha katika nukta na kupima mwanga wa kila nukta.

Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith walibuni kipande cha umeme kinachohisi mwanga, nao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Kutokana na kazi hiyo zilikuja skana za nyumbani. Kampuni ya Nikon ilitoa skana yake ya kwanza ya filamu mwaka 1988. Kisha kamera za dijitali zikashinda, filamu ikapungua, na wenye viwanda wakaona hapana faida tena. Konica Minolta, waliokuwa na skana nzuri, waliacha kazi ya kamera mwaka 2006. Nikon nao waliacha kutengeneza skana zao za filamu. Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika mwezi wa Januari 2012.

Historia hii yakuhusu wewe mnunuzi. Baadhi ya mashine bora za filamu zilizopata kutengenezwa zauzwa leo zikiwa kuukuu tu. Ukiletewa moja kwa bei nzuri, uliza mambo matatu kabla ya kufungua mkoba: Je, waya wake waingia katika kompyuta yangu? Je, programu yake yakubaliwa na kompyuta ya leo? Na ikiharibika, yuko nani wa kuitengeneza? Mashine bora isiyo na fundi, wala programu, ni mzigo wa kabati.

JINSI YA KUCHAGUA

Kuna njia nne. Tuzipime moja moja.

Ya kwanza ni skana bapa, ile ya kulaza karatasi juu ya kioo, lakini iliyo na taa ndani ya kifuniko ili mwanga upenye filamu. Epson Perfection V600, iliyotoka 2009, ni mojawapo. Bila taa ya kifuniko, skana itasoma karatasi tu, usidanganyike. Skana bapa yafaa kwa nyumba yenye mchanganyiko: picha za karatasi, negativu kubwa za studio, na vipande vidogo.

Ya pili ni skana ya filamu peke yake, kama zile za Plustek OpticFilm za milimita 35. Haisomi karatasi, na nyingi hazipokei negativu kubwa, lakini kwa filamu ndogo huona undani zaidi ya skana bapa ya nyumbani.

Ya tatu ni kisanduku kidogo cha bei rahisi, chenye kamera ndani yake, kinachonakili picha mara moja. Ni chepesi na cha haraka, lakini mara nyingi nyuso zilizo kivulini huwa weusi mtupu. Kwa watu wa rangi yetu hiyo si hasara ndogo.

Ya nne ni kutumia kamera ya dijitali yenye lenzi ya kupigia vitu kwa karibu. Negativu huwekwa juu ya taa nyeupe, kamera husimamishwa juu yake kwa mguu imara, kisha programu huigeuza picha iwe sawa. Asiye na kamera aweza kujaribu kwa simu mbili: moja ionyeshe kioo cheupe, juu yake pawe na kipande cha plastiki nyeupe kipitishacho mwanga ili nukta za kioo zisionekane, na nyingine ipige picha. Haitakuwa kazi ya kutundika ukutani, lakini itatosha kujua kilichomo, na haina gharama.

Sasa, juu ya namba. Kwenye boksi la skana utaona imeandikwa nukta 6400 au 7200 kwa inchi. Namba hiyo yasema mashine itaandika nukta ngapi. Haisemi itaona undani kiasi gani. Skana bapa ya nyumbani yaweza kuandika 6400, na undani wa kweli ukawa wa nukta 1500 hivi. Zilizobaki ni ukungu ulionenepeshwa.

Tufanye hesabu. Chukua undani wa kweli wa nukta 1500 kwa inchi. Negativu ndogo ya milimita 24 kwa 36 itakupa nukta kama milioni 3, zitoshazo kuchapa picha nzuri ya sentimita 12 kwa 18. Mashine ile ile ukiipa negativu ya studio, mraba wa sentimita 6, itakupa nukta karibu milioni 11. Mashine ni moja, filamu ni mbili, matokeo ni mbalimbali. Kwa hiyo mwenye negativu za studio aweza kuridhika na skana bapa. Mwenye filamu za milimita 35 tupu, na ataka kuchapa picha kubwa, atafute skana ya filamu au kamera. Undani wa kweli wa nukta 2400 kwa filamu ndogo hutoa picha inayokaribia ukurasa wa A4, na nyumba nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Kwa picha za karatasi, nukta 600 kwa inchi zinatosha kabisa.

Jambo jingine ni vumbi. Skana za bei kubwa hutumia mwanga usioonekana kwa macho, unaopita katika rangi za filamu lakini huzuiwa na vumbi. Hivyo mashine hujua vumbi lilipo na kulifuta. Ni msaada mkubwa kwa negativu za rangi. Lakini picha nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa fedha, nayo fedha huuzuia mwanga huo vile vile, hata mashine ikadhani uso wa mtu ni vumbi. Kama kopo lako ni la picha nyeusi na nyeupe, usilipe zaidi kwa ajili ya kifaa hicho. Nunua kipulizio cha mkono na brashi laini.

FUNDISHO LA KAMPALA

Tumesema juu ya mashine. Sasa sikiliza habari hii ya jirani zetu wa Uganda.

Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, lilionekana kabati lililojaa negativu, karibu 70,000. Zilipigwa na wapiga picha wa serikali tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, na nyingi zilikuwa za wakati wa Idi Amin, 1971 hadi 1979. Nyingi hazikuwa zimepata kuchapwa kamwe. Mwaka 2018 shirika hilo, pamoja na Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Western Australia, lilianza kuzinakili kwa dijitali. Mwezi wa Mei 2019 baadhi yake zilionyeshwa kwa watu katika Jumba la Makumbusho la Uganda, huko Kampala.

Yako mafundisho mawili hapo. La kwanza: negativu zile zilikuwa katika bahasha, na juu ya bahasha waliandika tarehe na jambo. Watu wa kale wale, ambao hawakujua skana, ndio waliofanya sehemu ngumu kuliko zote. Skana yaweza kukuonyesha mwanamume aliyevaa koti, lakini haiwezi kukuambia kwamba huyo ni kaka wa babu yako aliyekwenda shaba asirudi.

La pili: picha za serikali huonyesha ambalo serikali ilitaka lionekane. Watu wengi waliouawa zama za Amin hawamo katika picha zile. Wamo katika picha za nyumbani, zilizotunzwa na mama na dada zao. Ndivyo ilivyo kila mahali. Atakayetaka kujua jinsi watu wa Laela walivyooana, walivyozika, walivyolima ulezi na mahindi, hataona yote katika hifadhi za Roma na Ujerumani. Atahitaji kopo lako, na majina.

Basi, utaratibu wa kazi ni huu. Kwanza kaa na wazee na picha za karatasi, kabla ya kununua chochote, uandike majina, mahali na mwaka. Andika kwenye bahasha au nyuma ya picha kwa penseli laini, wala usitumie kalamu ya wino. Lami imefika: kutoka Laela hadi Sumbawanga ni kilomita 95 tu, na skana yaweza kununuliwa mwaka huu au mwaka ujao. Bibi wa miaka 85 hanunuliki dukani. Pili, pima filamu zako kwa rula. Tatu, fanyeni shirika: skana moja kwa ukoo mzima au kwa kikundi, kwani ikimaliza kazi ya nyumba moja itakaa bure. Nne, hifadhi nakala mbili au tatu mahali mbalimbali. Negativu 300 kwa undani tuliousema, katika faili zisizobanwa, huchukua kama gigabaiti 7, zinazoingia katika flashi moja ndogo. Moja ibaki kwako, nyingine mpe ndugu aliye mji mwingine. Tano, ukishamaliza, negativu usizitupe. Zirudishe katika bahasha za karatasi, mahali pakavu, mbali na moshi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Ni nani katika kijiji chenu awezaye kutaja majina ya watu waliomo katika picha za kabla ya Uhuru wa 1961? Mtamwendea lini?

2. Filamu zilizo nyumbani mwenu ni za ukubwa gani? Kwa filamu hizo, ipi kati ya njia nne ingewafaa, na kwa nini?

3. Ni mambo gani ya maisha ya Ufipa ambayo wageni hawakuyapiga picha, lakini yamo katika picha zenu?

Jibuni la kwanza kabla ya kuyagusa mengine.